Mtoto wa Tanga kwenye theluji ya Taebaek: niende au nisiende?

"Kaka habari za huko. Mimi natoka Tanga, niko Daejeon, Korea Kusini, nasoma masters, hii ndo winta yangu ya kwanza. Wenzangu wa maabara wamepanga mwisho wa Januari twende Taebaek kwenye tamasha la theluji, siku mbili, na siku ya pili wanataka tupande mlima Taebaeksan tukiwa bado na giza tukaone jua linachomoza. Sijawahi kushika theluji maishani. Utotoni nilikuwa na pumu, ikaja ikaisha, ila tangu Novemba naamka usiku nakohoa. Mdogo wangu wa kiume ana miaka 20, anakuja kunitembelea wiki hiyohiyo na yeye ana selimundu. Mama kasema nisithubutu kumpeleka, mwenyewe haambiliki. Watu wananishauri nijipake vaseline mwili mzima, nivae suruali tatu, wengine wanasema soju, ile pombe ya Kikorea, kidogo inapasha mwili. Na naogopa pia kukosa hewa maana ni mlimani. Twende au tuachane nayo?"

Dada yangu, swali lako nimelisoma mara mbili, na lile jambo ulilolipitisha haraka haraka ndo limenishtua kuliko yote, hiyo ya kuamka usiku unakohoa tangu Novemba. Ntalifikia. Kwanza nikwambie naongea kama nani: mimi nimeongoza wageni Kilimanjaro miaka mingi kabla sijahamia huku Korea, huduma ya kwanza ya milimani nimesomea na nimeitumia kweli, ila sio daktari, kwa hiyo pale ninapokwambia kamuone daktari usichukulie ni maneno ya kujikinga, nenda.

Tuanze na hewa maana hilo ni jepesi. Kilele cha Taebaeksan kina mita 1,567. Lango la Marangu, pale tunapoandikisha wageni kabla hata hawajaanza kutembea, liko juu kuliko hapo. Wewe ni mtu wa Tanga, kama umewahi kwenda Lushoto basi umeshafika karibu na urefu huo na hukukosa hewa, ulikula matunda ukarudi. Kwa hiyo kichwa kuuma cha Kilimanjaro, kutapika, hayo yote yasahau, hapa hayapo. Mtu akihema kwa shida Taebaek basi ni pumu, au hana mazoezi, au ni vyote viwili.

Sasa kama kamlima kenyewe ni kafupi hivyo mbona kanaganda? Hapa ndo watu wetu wengi wanachanganya. Kwetu baridi inatokana na kupanda juu, kila mita 1,000 unapoteza nyuzi kama 6 hivi. Huku baridi inakuja yenyewe kukufuata hadi mlangoni. Winta ardhi ya Siberia inapoa sana, hewa ya juu yake inakuwa nzito na kavu, inamwagika kuelekea kusini mashariki na Korea ipo njiani. Ile hewa ikitanuka mnapigwa siku kadhaa, ikirudi nyuma mnapumua kidogo, ndo maana wazee wa Kikorea wana msemo wao samhan saon, siku tatu za baridi na nne za ahueni, ingawa siku hizi hesabu yenyewe haifuatwi vizuri. Na tofauti kubwa na kwetu ni hii: Kilimanjaro usiku utakufanya utetemeke ila saa tatu asubuhi jua likishapanda unavua jaketi. Taebaek jua linawaka, anga ni bluu safi, picha zinatoka vizuri kweli, na saa nane mchana bado maji yanaganda kwenye chupa. Jua la huku wakati wa winta ni taa tu bana, usilitegemee.

Halafu theluji yenyewe. Unadhani utashuka kwenye treni ukute kila kitu cheupe, inawezekana, inawezekana pia ukute milima ya kahawia na vumbi. Winta ya Korea ni msimu wa ukame, mvua nyingi ya mwaka inanyesha kati ya Juni na Agosti. Theluji nzito ya Gangwon, mkoa ambao Taebaek ipo, inakuja pale upepo unapogeuka na kutokea baharini mashariki, ukachukua unyevu njiani ukaja kuumwaga milimani, na hilo halina ratiba. Kwa hiyo matamasha ya huku mengi yanatengeneza theluji kwa mashine, wanarusha matone madogo ya maji kwenye hewa iliyoganda yanadondoka yakiwa barafu laini. Usijisikie umedanganywa, masanamu makubwa yale pale uwanja wa Danggol, chini ya mlima tamasha linapofanyika, yanahitaji theluji nyingi ya kushindilia na isiyotegemea bahati. Na joto likizidi mambo yanaharibika kweli, mwaka 2020 tamasha la kuvua samaki kwenye barafu kule Hwacheon, mkoa huohuo, lilisogezwa mbele zaidi ya mara moja kwa sababu ya mvua na joto. Ndo maana nakwambia tarehe za Taebaek zicheki kwenye tovuti ya mji wenyewe kabla hujalipa chumba, kwa kawaida ni mwisho wa Januari kuingia Februari.

Sasa baridi inavyokula mtu. Namba ya kwenye simu peke yake haikwambii kitu. Nyuzi 10 chini ya sifuri bila upepo, umevaa vizuri, unatembea na kucheka kabisa. Nyuzi hizohizo na upepo wa kilomita 30 kwa saa, ngozi iliyo wazi inasikia kama ni 20 chini ya sifuri. Mwili wako unapasha kitabaka chembamba cha hewa juu ya ngozi, upepo unakipora kila ukikijaza, kazi yote unaanza upya. Ila adui mbaya zaidi anatoka ndani mwako, ni jasho. Maji yanaondoa joto mwilini mara kama 25 kuliko hewa, kwa hiyo nguo iliyoloa sio nguo tena.

Na hili nalisema kwa aibu kidogo. Mara yangu ya kwanza Taebaeksan nilijiona mwenyeji wa milima, mimi niliyefikisha watu kilele cha Uhuru, kilima cha mita 1,567 kitanifanya nini. Nikavaa fulana ya pamba, sweta mbili nzito, na lile koti refu la manyoya linalofika magotini ambalo Wakorea wanaita rong paeding. Njia ya kuanzia Yuilsa ni kama kilomita 4 hadi juu, inapanda mfululizo, nikatoka jasho kama nimetoka kulima. Kufika Cheonjedan, ile madhabahu ya mawe ya zamani wanapofanya ibada za Dangun, yule mwanzilishi wa taifa katika hadithi zao, hakuna mti wa kuzuia upepo hata mmoja, tukasimama kusubiri jua dakika arobaini. Fulana ikawa barafu mgongoni. Nilitetemeka mpaka ajuma, yaani mama, mmoja wa makamo akanihurumia, akaniwekea kikombe cha chai mkononi na kunikemea kwa Kikorea, sikuelewa neno ila nilielewa kabisa anachosema. Kila mgeni niliyewahi kumfundisha Marangu nilimwambia asivae pamba. Mimi mwenyewe nikavaa.

Kwa hiyo mavazi: la ngozini liwe la polista au sufu, jembamba, la kubana kiasi, sio pamba, hata chupi na sidiria kama unaweza. Juu yake flisi au sweta ya sufu. La nje liwe la kuzuia upepo. Ukiwa unatembea ujisikie kabaridi kidogo, ukijisikia raha ujue umezidisha na baada ya dakika kumi utaloa, fungua zipu mapema. Lile koti kubwa unalibeba, unalivaa mkisimama. Hijabu kama unavaa ni faida yako, chukua ya sufu au flisi na mzula juu yake, masikio na shingo vyote vimefungwa, wenzako watakuonea wivu. Glavu za vidole vyote kuwa pamoja zinapasha kuliko za vidole tofauti. Viatu viwe na nafasi, soksi nzito moja basi. Hilo ndo jibu la suruali tatu pia: ukibana miguu, damu haipiti vizuri, na damu ndo inayobeba joto. Suruali tatu za kubana ni mbaya kuliko mbili zenye nafasi.

Nunua na aijen. Hivyo ni vyuma vya kuvalisha chini ya kiatu visiteleze, vya minyororo sio ghali, vinauzwa hadi maduka ya chini ya mlima. Watu wengi wanaoumia kule hawaumii kwa baridi, wanateleza wakishuka wanavunja kiwiko, na mtu anayeona barafu kwa mara ya kwanza anatembea juu yake kama anatembea sakafuni. Tembea kama bata, hatua fupi, mikono nje ya mifuko.

Kuna na hatpaek, vile vipakiti vya joto vya dukani. Ndani kuna unga wa chuma, ukifungua hewa inaingia, chuma kinapata kutu kwa kasi na joto linatoka. Sasa kwa kuwa kinahitaji hewa, ukikisokomeza kwenye kiatu kilichobana kinazima, kuna vya miguuni maalumu. Usikibandike kwenye ngozi moja kwa moja wala usilale nacho, kinaunguza polepole bila kukuuma, asubuhi unaamka na malengelenge.

Vaseline. Kwa midomo na ngozi isipasuke sawa, paka, hewa ya huku ni kavu mno na ngozi zetu zinapauka hadi aibu. Lakini haizuii baridi, inakupa hisia ya uongo tu kwamba uso umepona. Na soju dada yangu, hata ukiacha mambo ya dini, ni ushauri mbovu. Pombe inafungua mishipa ya damu ya kwenye ngozi, damu ya moto inakimbilia nje, unajisikia joto kwa sababu joto lako ndo hilo linaondoka. Na inakupunguzia kutetemeka, wakati kutetemeka ndo jenereta yako. Kunywa chai ya tangawizi, na kula, mwili unahitaji kuni.

Turudi kwenye kikohozi chako. Pumu ya utotoni inaweza kulala miaka na miaka, hasa ukiwa Tanga hewa yote imejaa unyevu wa bahari. Umekuja huku, hewa ya nje ni baridi na kavu, ya chumbani imekaushwa na ondol, ile sakafu yao ya joto, usiku kucha. Hewa kavu inanyonya maji kwenye njia zako za hewa, zinakasirika, zinabana. Kukohoa usiku kunakokuamsha, kwa mtu mwenye historia kama yako, mimi siiti mafua, naita pumu imeamka mpaka daktari aseme vinginevyo. Wewe ni mwanafunzi, bima ya afya ya taifa ni lazima kwenu tangu 2021, kwa hiyo kliniki haitakuumiza mfukoni. Nenda wiki hii, sio wiki ya safari, kwa sababu dawa za kutuliza njia ya hewa zinataka wiki kadhaa zifanye kazi. Kama daktari atakupa pampu ya kuvuta, siku ya safari iweke mfuko wa ndani kabisa karibu na mwili, ikipoa sana haitoi dozi vizuri. Funika pua na mdomo kwa skafu, pumua kwa pua, ile hewa unayotoa inapasha na kulowanisha unayoingiza. Mkipanda na ukashindwa kumaliza sentensi bila kukata pumzi, mnashuka, hakuna mjadala wa jua linachomoza.

Mdogo wako sasa. Hapa naongea kama mjomba pia, mtoto wa dada yangu ana selimundu na nimekesha naye hospitali. Kwanza hakikisha ni SS kweli, yaani karithi kwa baba na mama wote wawili, au ni AS, maana watu wengi wanasema "ana selimundu" kumbe amebeba tu kinasaba cha ukoo, upande mmoja. Mwenye AS kwa kawaida anaishi kama sisi, aangalie tu asijichoshe kupita kiasi bila maji. Mwenye SS ni habari nyingine. Baridi ikimpiga, mishipa midogo inajibana ili kulinda joto, damu inapita taratibu, chembe nyekundu zinakaa muda mrefu zikiwa zimeshatoa oksijeni, zinajikunja kama mundu, zinaziba njia, maumivu yanaanza. Ongeza na maji: kwenye baridi mtu hasikii kiu, halafu anakojoa zaidi kwa sababu damu imerudi ndani na figo zinadhani maji yamezidi. Kwa hiyo anakauka bila kujua. Na hata kutoka nje kwenye baridi ghafla tu kunaweza kutosha kuanzisha, haihitaji saa tano mlimani.

Mama kwa hiyo hajakosea kuogopa. Ila "asithubutu" na "apande mlima" sio njia mbili pekee. Mlima hapana, hilo mimi nalifunga. Uwanjani Danggol, kama daktari wake anayemjua huko Tanzania ataridhia, na kama hajapata maumivu makali karibuni, naona inawezekana kwa vipande: nusu saa nje, kisha ndani. Bahati nzuri makumbusho ya makaa ya mawe yako palepale Danggol, ndani kuna joto na yana hadithi nzuri, Taebaek ulikuwa mji wa wachimbaji na mgodi wa Jangseong umefungwa juzi tu, 2024. Asiteleze kwenye barafu akaloa. Akiloa anabadili nguo saa hiyohiyo. Maji ya vuguvugu kwenye chupa ya chai, anakunywa kwa saa hata kama hana kiu.

Na haya ya makaratasi msiyadharau. Selimundu kwa Wakorea ni nadra sana, daktari wa zamu anaweza kuwa hajawahi kumuona mgonjwa hata mmoja. Aje na barua ya Kiingereza ya daktari wake: aina ya selimundu, dawa na dozi, kiwango chake cha kawaida cha damu, na kinachomsaidia akipata maumivu. Kama anatumia dawa kali za jamii ya morfini, zinahitaji kibali cha mamlaka ya dawa ya Korea kabla hajapanda ndege, sio baada. Yeye ni mgeni, bima yako haimuhusu, akate ya safari na asome kama inakubali ugonjwa aliokuwa nao tangu zamani, nyingi zinaukataa kwa maandishi madogo. Akipata homa, maumivu ya kifua, pumzi fupi, udhaifu wa upande mmoja au maumivu yasiyosikia dawa, piga 119, hiyo ni ambulensi, msisubiri treni ya kurudi. Ukikwama lugha kuna 1330 ya watalii, wanaongea Kiingereza.

Kwa wote wawili, angalieni vidole, pua na masikio. Vitabu vinasema ngozi inakuwa nyeupe au nyekundu, vimeandikwa kwa ngozi zao. Yetu inakuwa kijivu, inapauka kama imepakwa majivu au nta, na inakufa ganzi. Ikiuma bado uko salama kidogo, ikiacha kuuma wakati baridi ipo palepale, ingieni ndani. Msisugue, na theluji ndo kabisa, wala msisogeze mkono wenye ganzi kwenye jiko, utaungua usijue. Maji ya uvuguvugu, nyuzi 37 hadi 39, mwenye mkono mzima ndo ayapime. Ikibaki ngumu au ikitoa malengelenge, hospitali.

Je, wewe upande? Kama daktari kakuruhusu na kikohozi kimetulia, panda, ila sio gizani na mara ya kwanza. Panda saa tatu asubuhi, ile miti ya jumok huko juu iliyopindapinda na theluji juu yake utaiona vizuri kuliko walioenda na tochi. Ikitangazwa hanpa, ile tahadhari ya baridi kali inayotolewa asubuhi zikitabiriwa kushuka hadi 12 chini ya sifuri au zaidi siku mfululizo, baki Danggol na mdogo wako. Na wasikuone mwoga, Wakorea wenyewe wanaogeuza njiani ni wengi.

Usafiri, kwa kifupi: KTX, ile treni ya kasi, haifiki Taebaek. Kutoka Daejeon chukueni treni ya kawaida hadi Jecheon, mbadili hapo mwende Taebaek, halafu basi la mji hadi Danggol. Chakula mwenyeji atawapeleka kwenye mul-dakgalbi, kuku wa mchuzi wa wachimbaji, kama unaangalia halali huyo kuku hafai. Ila viazi vitamu vya kuchoma vipo, vinaitwa goguma, na ukikiweka kimoja cha moto mfukoni ni hatpaek unayoweza kula.

Niandikie mdogo wako akishapata jibu la SS au AS, na daktari wako akisemaje kuhusu hicho kikohozi.